Kuhama nyumba Minneapolis wakati wa baridi: mwongozo kamili wa pesa, kalenda na siku yenyewe

Kila Januari ikifika, simu huwa ni zile zile. Mmoja lori liko nje linamhesabia saa na funguo za nyumba mpya hajapewa. Mwingine dipoziti ya nyumba ya zamani alishaipigia hesabu ya kulipia mpya, kumbe haitoki mpaka wiki tatu zipite. Wa tatu kaweka dawa za mtoto nyuma ya lori pamoja na masufuria, na usiku umeingia.

Mwongozo huu ni wa wapangaji wa Minneapolis na miji jirani, kuanzia Cedar-Riverside mpaka kwa Wakenya wa Brooklyn Park, wanaohama umbali mfupi kati ya Novemba na Machi. Wengi huogopa theluji. Theluji utaipiga beleshi, iishe. Kinachowakwamisha watu ni kwamba pesa za kuingia nyumba mpya zinatakiwa kabla ya pesa za nyumba ya zamani kurudi, na kila siku ya kuchelewa kwenye baridi ina bei yake. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye bajeti na tarehe, na mengine nitayapitia haraka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Karatasi na pesa:

- Mkataba wa nyumba unayotoka, kurasa zote, na ule wa nyumba unayoingia.
- Orodha ya ukaguzi uliyojaza ulipoingia, pamoja na picha za siku ile kama unazo.
- Kalenda ya karatasi, ibandikwe mahali ambapo kila mtu nyumbani anaiona.
- Pesa taslimu au kwenye akaunti, kiasi utakachokipata katika hatua ya 2.

Vifaa:

- Maboksi, tepu pana, kalamu ya wino mzito.
- Mifuko ya godoro, na plastiki ya kuzungushia makochi.
- Blanketi za kuhamishia na toroli. Vyote hukodishwa pale pale unapokodi lori.
- Beleshi la theluji, ndoo ya chumvi ya barafu na mfuko wa mchanga. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu baridi inapozidi, mchanga haubagui.
- Kadibodi za kutandika sakafuni, na taulo kuukuu.
- Glovu zenye mpira kiganjani. Zile nene za sufu huteleza kwenye boksi, nimeona televisheni ikienda chini kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 1: Soma mkataba, kisha toa notisi kwa maandishi

Kama unapanga mwezi kwa mwezi, sheria ya Minnesota inataka notisi ya kipindi kizima cha kodi. Ukitaka kutoka 31 Januari, barua iwe mikononi mwa mwenye nyumba kabla ya 1 Januari. Ukiipeleka tarehe 2, mwezi umeshaanza, na utadaiwa kodi ya Februari hata kama nyumba ni tupu.

Kama mkataba wako ni wa mwaka, usikisie. Mikataba mingi hudai notisi ya siku 60 hata pale tarehe ya mwisho imeandikwa wazi, na mingine hujirefusha yenyewe usipoandika.

Notisi ya mdomo, hata kama meneja wa jengo ni rafiki yako na mnasalimiana kila asubuhi, haihesabiki. Andika barua, weka tarehe, ipige picha, tuma na barua pepe. Andika humo humo anwani ambako dipoziti itatumwa. Utaona katika hatua ya mwisho kwa nini mstari huo una thamani.

Umemaliza hatua hii ukiwa na jibu la maandishi linalosema: notisi imepokelewa, mkataba unaisha tarehe fulani.

## Hatua ya 2: Pigia hesabu pesa zitakazohitajika kwa wakati mmoja

Hapa ndipo watu wanaanguka. Wanauliza "kuhama kutagharimu kiasi gani?" na kujibiwa bei ya lori. Swali la kuuliza ni hili: kati ya siku ninayosaini mkataba mpya na siku dipoziti ya zamani inarudi, natakiwa kuwa na kiasi gani mkononi?

Tuchukue familia ya watu wanne. Kodi ya zamani ni dola 1,300, mpya ni 1,400. Mkataba mpya unaanza 28 Januari, wa zamani unaisha tarehe 31. Bei hizi ni za mfano, weka zako mwenyewe.

Pesa za nyumba:

- Ada ya maombi, watu wazima wawili kwa dola 50: 100
- Dipoziti ya nyumba mpya: 1,400
- Siku 4 za Januari katika nyumba mpya: karibu 180
- Kodi ya Februari: 1,400
- Jumla: dola 3,080

Pesa za kuhama:

- Lori la futi 15 kwa siku moja: 40
- Maili 30, kila maili dola 1: 30
- Bima ya lori: 30
- Petroli: 25
- Blanketi na toroli: 25
- Wabebaji wawili kwa saa 3: 330
- Maboksi, tepu, plastiki: 80
- Chumvi, mchanga, glovu: 50
- Chakula na chai ya wasaidizi: 50
- Jumla: dola 660

Juu ya hiyo 660 ongeza asilimia 20, yaani dola 132, niiite fungu la baridi. Si la mapambo. Lori likikwama, wabebaji wakizidisha saa, au dhoruba ikikulazimisha kusogeza siku, fungu hili ndilo linalolipa. Kiangazi ningekuambia asilimia 10 inatosha.

Jumla kuu ni dola 3,872, na hapo hujahesabu zamu. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu katika nyumba za wazee na hospitali, na zamu uliyoikosa ni gharama ya kuhama kama ilivyo petroli. Iandike.

Dipoziti ya zamani, dola 1,300, haimo kwenye hesabu hii na isiingizwe. Minnesota humpa mwenye nyumba wiki tatu za kuirudisha baada ya mkataba kuisha na wewe kumpa anwani yako mpya. Hulipwa na riba ya asilimia 1 kwa mwaka, kwa hiyo baada ya mwaka mzima ni dola 13. Ikija, itafunga mashimo ya Februari.

Onyo: usikatae kulipa kodi ya mwezi wa mwisho kwa kusema "kateni kwenye dipoziti." Ushauri huu unazunguka sana kwenye jumuiya zetu, na kwa mkataba wa kawaida sheria ya Minnesota inaukataza. Unaweza kushtakiwa na kudaiwa zaidi ya ile kodi uliyojaribu kuikwepa.

Kama pesa hazifiki, kuna vitu viwili vya kujaribu kabla ya kukopa. Omba mwenye nyumba mpya apokee dipoziti kwa mafungu mawili. Wengine hukubali, hasa Januari ambapo wapangaji ni wachache. Au sogeza kuhama kwa mwezi mmoja. Kusogeza kunakera, lakini kunakera kidogo kuliko kuwa na nyumba mbili na akaunti tupu.

## Hatua ya 3: Chagua siku, na siku ya akiba

Mikataba mingi huisha mwisho wa mwezi, kwa hiyo tarehe 30 na 31 malori huadimika na wabebaji hupandisha bei. Zile siku 4 za kulipia nyumba mbili katika mfano wetu zinakununulia Jumanne au Jumatano tulivu, na pia zinakupa siku ya akiba dhoruba ikitokea. Dola 180 kwa ajili hiyo ni halali yake.

Weka siku mbili kwenye kalenda: ya kwanza na ya akiba. Muulize mwenye lori mapema kama kubadili tarehe kuna faini.

Anza saa tatu asubuhi. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza Minneapolis karibu saa mbili kasoro na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukianza mchana utamalizia gizani, na gizani barafu ya ngazi haionekani.

Angalia pia utabiri. Wastani wa usiku wa Januari hapa uko chini ya nyuzi 10 za Fahrenheit, kama 12 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na hilo linavumilika ukiwa unabeba. Upepo ndio mbaya. Nyuzi 0 za Fahrenheit pamoja na upepo wa maili 15 kwa saa vinaweza kugandisha ngozi iliyo wazi ndani ya dakika 30. Wakitoa onyo la baridi kali, tumia siku ya akiba bila aibu.

### Theluji na maegesho

Jiji likitangaza dharura ya theluji, sheria za maegesho hubadilika kwa siku tatu, na lori lako lina haki sawa na gari lolote, yaani haki ya kuvutwa:

- Siku ya 1, saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi: usiegeshe upande wowote wa barabara kuu zenye alama ya njia za dharura.
- Siku ya 2, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku: kwenye mitaa mingine, usiegeshe upande wa nyumba zenye namba shufwa (zinazoishia 0, 2, 4, 6, 8).
- Siku ya 3, saa hizo hizo: usiegeshe upande wa namba witiri.

St. Paul wana utaratibu wao tofauti, na miji ya pembeni ina wake. Ukihama kutoka mji mmoja kwenda mwingine, soma sheria za pande zote mbili.

## Hatua ya 4: Ndugu, lori la kukodi, au kampuni?

Ndugu na marafiki peke yao. Inafaa kama una chumba kimoja na huna ngazi nyingi. Watu wetu hawakatai, lakini nusu wametoka zamu ya usiku. Waombe wanne ili wapatikane wawili. Wape saa kamili, na chakula kiwe tayari wakati wa kumaliza. Pilau ikija katikati ya kazi, kazi imekwisha hapo.

Lori la kukodi na wabebaji wa kulipwa kwa saa. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa familia nyingi. Wewe unaendesha, wao wanabeba vizito, ndugu wanabeba maboksi. Bima ya lori usiikisie: bima ya gari binafsi ya Minnesota kwa kawaida hugusa malori madogo ya kukodi, lakini zile za kadi za benki mara nyingi haziyagusi. Uliza yako kabla ya kusaini.

Kampuni kamili. Ghali zaidi, lakini kama una mgongo mbovu au ghorofa ya tatu bila lifti, lipa. Kampuni inayohamisha mizigo ya nyumbani ndani ya Minnesota inatakiwa kuwa na kibali cha Idara ya Uchukuzi ya jimbo, kwa hiyo waombe namba. Waulize pia saa za chini kabisa wanazotoza na kama wanatoza muda wa safari. Anayetaka pesa nyingi taslimu kabla ya kugusa boksi hata moja, achana naye.

Kama jengo lina lifti, mwandikie meneja uihifadhi. Familia mbili kwenye lifti moja siku ya 31 ni ugomvi wa saa nzima, na saa hiyo unailipia.

## Hatua ya 5: Umeme, gesi na joto

Wiki mbili kabla, fungua akaunti za nyumba mpya. Ndani ya Minneapolis umeme ni Xcel Energy na gesi ni CenterPoint Energy. Majengo mengi ya zamani yana joto ndani ya kodi. Thibitisha kwenye mkataba, neno la aliyekuonyesha nyumba halitoshi.

Akaunti mpya ianze siku moja kabla ya kuingia, na ya zamani ifungwe siku moja baada ya kutoka. Ukikata joto mapema, mabomba huganda, hupasuka, na mafuriko ya jirani wa chini yanakuja na jina lako.

Ukiondoka na kuacha nyumba tupu kabla mkataba haujaisha, kati ya 15 Novemba na 15 Aprili, sheria ya Minnesota inakutaka umjulishe mwenye nyumba angalau siku 3 kabla, ili ayalinde mabomba. Watu wengi hawajui. Familia yetu ya mfano ikihama tarehe 28 inahusika, kwa sababu mkataba wake unaisha 31. Ujumbe mfupi wa maandishi unatosha, na kidude cha joto ukutani kiache kwenye nyuzi 60.

Siku ya kuchukua funguo, washa joto la nyumba mpya na usubiri. Kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili nyumba ya kupanga inatakiwa kuwa na joto la nyuzi 68 za Fahrenheit. Kama radieta ni baridi kama chuma cha nje, piga simu kwa mwenye nyumba kabla hujapakia chochote. Asipojibu, Minneapolis wana namba 311 ya malalamiko.

## Hatua ya 6: Kufunga mizigo kwa ajili ya baridi

Plastiki ikiwa baridi sana huwa kavu na kupasuka. Ndoo na makontena ya plastiki yaliyojaa vitu vizito yatapasuka chini yakiwa mkononi mwako. Vizito viende kwenye boksi dogo, vyepesi kwenye kubwa.

Vitu hivi visipande nyuma ya lori kabisa, viende kwenye gari lenye hita:

- Dawa zote, hasa insulini, ambayo ikiganda imeharibika.
- Pasipoti, vyeti, karatasi za uhamiaji, mikataba.
- Kompyuta na simu.
- Soda, sabuni za maji, chupa za mafuta na chochote kinachoweza kuganda na kupasua chombo. Mawese yataganda tu, hayaharibiki, ila chupa ya kioo ikigongwa ndiyo utaisafisha mpaka Pasaka.
- Mimea ya ndani.

Mtungi wa gesi ya kuchomea nyama usiingie kwenye lori wala kwenye gari lililofungwa madirisha. Mpe mtu mwingine.

Friza ya nyama ni habari njema ya msimu huu: nyama ihamishie kwenye boksi la barafu, iweke nje ya hita, na haitajua kama imehama. Friza yenyewe isafiri imesimama. Ikilazwa, iache isimame muda ule ule iliolala kabla ya kuichomeka.

Andaa boksi moja la usiku wa kwanza: shuka, sufuria moja, mwiko, unga, chai, karatasi ya chooni, chaja, balbu. Lipande la mwisho, lishuke la kwanza.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kabla lori halijafika, piga theluji beleshi kutoka mlangoni hadi ukingo wa barabara, nyumba zote mbili. Watu husafisha wanakotoka na kusahau wanakokwenda. Mwenye nyumba ya familia moja au mbili Minneapolis ana saa 24 za kusafisha njia ya miguu baada ya theluji kukoma, wa ghorofa ana saa 4 za mchana, lakini wewe huna muda wa kumngoja. Mwaga mchanga kwenye ngazi na kwenye ubao wa kupandia lori. Ubao huo wa chuma ndio unaoangusha wengi: maji ya viatu hugandia pale pale.

Ndani, tandika kadibodi kutoka mlangoni. Chumvi ikikanyagwa kwenye zulia ni dipoziti inayoyeyuka.

Weka mtu mmoja wa mlango. Kazi yake ni kufungua, kufunga na kusema "pita." Mlango ukiachwa wazi nyumba nzima inapoa, na mtoto au mama mzee akiwa ndani ataumwa. Bora zaidi, watoto walale kwa shangazi yao siku hiyo.

Vaa nguo za tabaka. Utatokwa na jasho, na ukisimama jasho hilo linakugeuka. Badili fulana ukipumzika.

Ukifika, televisheni na kompyuta zisiwashwe hapo hapo. Kitu baridi kikiingia kwenye joto hutoa unyevu hata ndani yake, kama glasi ya maji ya barafu inavyofanya mezani. Ziache saa kadhaa, mpaka ziwe kavu na zenye joto la chumba.

Siku imeenda vizuri kama lori limerudishwa kabla ya giza, vitanda vimeunganishwa, na hakuna aliyeanguka. Maboksi yaliyobaki hayana haraka.

## Hatua ya 8: Kabidhi nyumba ya zamani

Siku moja au mbili baadaye, rudi usafishe: oveni, friji, bafu, nyuma ya jiko. Tangu 2024 sheria ya Minnesota inampa mpangaji haki ya kuomba ukaguzi kabla ya kutoka, ndani ya siku 5 za mwisho. Uombe kwa maandishi. Ukiambiwa kuna tundu ukutani, una nafasi ya kuliziba kwa dola 8 badala ya kukatwa 80.

Piga video chumba kwa chumba, ukifungua kila kabati na bomba, na mwisho onyesha kidude cha joto na nyuzi zake. Rudisha funguo zote na uombe risiti.

## Hatua ya 9: Anwani

Posta kwanza: fomu ya kubadili anwani ni bure ukiwa dirishani, mtandaoni kuna ada ndogo. Leseni ya udereva ya Minnesota una siku 30.

Asiye raia wa Marekani, hili ni la wiki ya kwanza. Unatakiwa kuwajulisha USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, ambayo haina ada. Kama una kesi katika mahakama ya uhamiaji, kuna fomu nyingine, EOIR-33, na muda wake ni siku 5. Kuwaambia posta hakuhesabiki kwa yeyote kati ya hawa. Barua ya mahakama iliyoenda nyumba ya zamani inaweza kukufanya uhukumiwe bila kuwepo.

Kisha kazini, benki, shule ya watoto, bima ya gari na ya afya.

## Hatua ya 10: Fuatilia dipoziti

Siku mkataba unapoisha, hesabu siku 21 na uweke alama kwenye kalenda. Ndani ya muda huo mwenye nyumba anatakiwa kukutumia pesa, au barua inayoeleza alichokata na kwa nini. Kuchakaa kwa kawaida, kama rangi iliyofifia au zulia lililokanyagwa miaka mitatu, hakukatwi. Muda huo hauanzi kama hajapewa anwani yako, ndiyo maana uliiandika kwenye notisi.

Siku ya 22 ikifika kimya, tuma barua fupi: tarehe uliyotoka, tarehe uliyotoa anwani, kiasi unachodai, na siku 7 za kujibu. Taja kwamba sheria ya jimbo inaweza kumtoza faini sawa na kiasi alichokishikilia. Mara nyingi hundi hufika baada ya barua hiyo. Isipofika, HOME Line hutoa ushauri wa sheria bure kwa wapangaji wa Minnesota, na wilaya ina mahakama ya madai madogo ambako huhitaji wakili. Nenda na notisi, video, risiti ya funguo na bahasha yenye muhuri wa posta.